Tundu la Ngazi: Namna ya Kutoboa Chumba cha Bolti na Njia Yake kwa Kitovu Kimoja

Tundu la ngazi ni tundu lenye vipenyo viwili katika mhimili mmoja. Sehemu yake ya juu ni pana na fupi, nayo katika mwongozo huu inaitwa chumba, kwa kuwa ndimo kichwa cha bolti au cha skrubu hukaa pamoja na washa yake. Sehemu ya chini ni nyembamba na ndefu, nayo inaitwa njia, kwa kuwa ndimo shina hupita. Tundu hili halipaswi kuchanganywa na lile lenye mdomo wa mshazari, ambalo kuta zake huteremka kwa pembe ili kupokea kichwa cha skrubu chenye umbo la koni. Chumba cha tundu la ngazi kina kuta zilizosimama wima na sakafu bapa, na ubapa huo ndio unaoiwezesha washa kulala sawasawa na kuusambaza mkazo wa bolti katika mbao yote iliyo chini yake, badala ya kuuegemeza upande mmoja.

Mfano utakaofuatwa hapa ni wa kitanda cha kufungua, cha aina inayotengenezwa kila siku katika karakana za Keko jijini Dar es Salaam na kwingineko, kwa sababu mteja wake huhama nyumba na hawezi kukipitisha mlangoni kikiwa kizima. Kitanda hicho ni cha mninga, matendegu yake ni ya mraba wa milimita 75, na kila mfumbati umeshikwa na tendegu kwa bolti ya M8, yaani bolti yenye shina la milimita 8, ambayo hupenya tendegu kutoka nje, ikaingia katika kichwa cha mfumbati na kukutana na nati iliyofichwa katika kitundu kilichochongwa kwa patasi upande wa ndani. Kichwa cha bolti hiyo kikiachwa nje hurarua mashuka na kuumiza magoti ya watu, kwa hiyo huzamishwa chumbani.

Vipimo kabla ya drili

Kichwa cha bolti ya M8 chenye pembe sita hushikwa kwa spana namba 13, kimo chake ni zaidi kidogo ya milimita 5, na washa yake ya kawaida ina kipenyo cha nje cha milimita 16 na unene wa milimita 1.6. Mtu anayeangalia vipimo hivyo peke yake anaweza kudhani kuwa chumba cha milimita 17 kinatosha, lakini atakapofika wakati wa kukaza atagundua kwamba spana bapa haiingii kabisa ndani ya tundu, na kwamba kinachoamua upana wa chumba ni soketi, yaani spana ya mviringo inayokifunika kichwa chote kwa juu. Soketi namba 13 mara nyingi hufikia milimita 18 hivi kwa nje, ingawa hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na kwa sababu hiyo fundi anapaswa kuipima soketi yake mwenyewe kabla ya kununua biti. Chumba cha milimita 22 huiachia soketi hiyo nafasi ya milimita 2 kila upande. Anayenunua biti katika duka linalouza kwa inchi atachukua ya 7/8, ambayo ni milimita 22.2, na tofauti hiyo haina madhara yoyote.

Mbao ikiwa laini, kama paini ya Sao Hill, washa ya kawaida huzama katika nyuzi kadiri bolti inavyokazwa, na hapo inafaa kutumiwa washa pana ya M8 yenye kipenyo cha milimita 24, ambayo eneo lake la kukandamiza ni karibu mara tatu ya lile la washa ya milimita 16. Chumba chake basi kiwe cha milimita 26 au zaidi. Njia ya bolti ya M8 iwe na milimita 9, ili shina lipite bila kulazimishwa na mbao ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa kwa majira.

Kina cha chumba hupatikana kwa kujumlisha kimo cha kichwa na unene wa washa, kisha kuongeza milimita moja au zaidi: kwa bolti iliyotajwa ni milimita 8, na kama kifuniko kitawekwa juu yake, unene wa kifuniko huongezwa pia. Chumba kirefu kupita mahitaji hudhoofisha mbao, na si busara kukiruhusu kifike nusu ya unene wa tendegu, ingawa katika tendegu la milimita 75 hatari hiyo iko mbali. Katika ubao wa milimita 20 hatari hiyo iko karibu sana.

Usahihi wa kitovu hutegemea nafasi iliyobaki pembeni. Katika chumba cha milimita 22 kinachopokea soketi ya milimita 18, njia ikihama kitovuni kwa milimita 2 soketi itagusa ukuta, na ikihama zaidi ya hapo haitaingia. Lakini katika chumba cha milimita 10 kinachopokea skrubu namba 8, ambayo kichwa chake kina takriban milimita 8.3, nafasi ya pembeni haifiki hata milimita moja. Ndiyo maana tundu dogo linadai uangalifu kuliko kubwa, jambo ambalo mafundi wengi hulichukulia kinyume chake.

Chumba kwanza

Kanuni inayotawala kazi yote ni kwamba chumba hutobolewa kwanza na njia hufuata. Anayeanza ufundi huelekea kufanya kinyume, kwa kuwa fikira humtuma apitishe bolti kwanza kisha atafute mahali pa kukificha kichwa chake, na hilo ndilo chanzo cha vyumba vingi vilivyopinda. Karibu kila biti pana ya mbao huongozwa na ncha iliyo katikati yake, na ncha hiyo inahitaji mbao ya kushika. Ikiwekwa juu ya tundu la milimita 9 lililokwisha kutobolewa huning'inia hewani, na biti hubaki ikitangatanga, ikitetemeka na kuuma ukingo upande ambao nyuzi ni dhaifu. Chumba kikitangulia, ncha hiyo hiyo huacha kitone katikati kabisa ya sakafu, na kitone hicho huwa mwongozo wa biti nyembamba. Kitovu basi huwekwa mara moja tu, na kila biti inayofuata hukirithi badala ya kukitafuta upya kwa macho.

Biti zinazofaa kwa chumba ni mbili. Ya kwanza ni biti ya Forstner, iliyopewa hataza mwaka 1874 nchini Marekani kwa jina la Benjamin Forstner wa Oregon, ambayo ina ukingo wa mviringo unaokata kuta kabla visu vya ndani havijainua mbao, na kwa hiyo huacha kuta laini na sakafu bapa yenye kitone kidogo tu katikati. Ya pili ni biti bapa, ile yenye umbo la kasia na ncha ndefu, ambayo bei yake ni ndogo na hupatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Huacha kuta zenye mikwaruzo kidogo, na fundi anayeitumia anapaswa kukumbuka kwamba ncha yake hutangulia visu kwa zaidi ya sentimita moja, kiasi kwamba katika ubao mwembamba hutokeza upande wa pili kabla chumba hakijafikia kina chake. Biti ya kawaida ya chuma, yenye mfereji uliojisokota, haifai kwa chumba kwa sababu huacha sakafu ya mteremko ambayo washa haiwezi kulala juu yake. Msumeno wa duara, ule unaotoa kisahani cha mbao, nao haufai, kwa kuwa hukata ukingo tu na kuiacha kazi ya kusafisha sakafu kwa patasi.

Kitovu huwekwa kwa mistari miwili inayokatana, iliyochorwa kwa skwea na penseli iliyochongwa vizuri au, afadhali zaidi, kwa ncha ya kisu, kwa kuwa mstari wa penseli butu unaweza wenyewe kuwa na upana wa milimita moja. Panapokatana mistari hiyo pachomwe kwa msumari uliosuguliwa ncha au kwa panchi, na tobo liwe na kina cha kutosha, kwani katika mbao kama mvule, ambayo nyuzi zake hupishana, na katika paini, ambayo ina mistari migumu na laini kwa zamu, ncha ya biti huteleza kwa urahisi kuelekea upande laini kama haina mahali pa kukaa. Baada ya hapo inafaa kuchora kwa bikari duara lenye kipenyo cha chumba kuzunguka tobo hilo. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, na duara hilo humwonyesha fundi mapema kama biti inahama.

Tendegu lifungwe imara kwa klampu, kwa sababu mbao inayoshikwa kwa mkono huzunguka pamoja na biti pana na inaweza kuvunja kidole. Biti ya Forstner ya kipenyo hiki katika mbao ngumu iendeshwe polepole, kwa mizunguko kama 500 hadi 700 kwa dakika. Ikikimbizwa zaidi ya hapo ukingo wake hupata moto, huunguza mbao na kupoteza makali. Fundi aanze kwa kugusa tu hadi ukingo uchore duara, kisha ainue biti na kutazama: duara lililokatwa likilingana na lile la bikari aendelee, na lisipolingana asimame hapo hapo, kwani kosa la nusu milimita hurekebishika juu ya uso wa mbao lakini halirekebishiki likiwa limeshazama. Marekebisho hufanywa kwa kuchoma tobo jipya, refu kuliko la kwanza, kwenye makutano halisi ya mistari, au kwa kuondoa mbao kidogo kwa bobari upande ambao biti inatakiwa kusogea. Kina hudhibitiwa kwa kizuizi cha drili ya kusimama, na kwa drili ya mkono hudhibitiwa kwa mkanda wa gundi uliozungushwa kwenye shina la biti, ambao si kipimo cha kuaminika sana kwa kuwa husogea ukisukumwa na vumbi, hivyo kina kipimwe kwa rula mara mbili tatu kabla ya kufika mwisho.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibiwa kwa haraka. Chumba kikiwa tayari, wengi huchukua mara moja biti ya chuma ya milimita 9 na kuiingiza katika kitone kilichoachwa na Forstner, bila kuzingatia kwamba biti hiyo haina ncha halisi: katikati yake kuna ukingo mfupi butu, mpana kuliko kitone chenyewe, ambao hutembea juu ya sakafu kabla ya kuanza kukata. Dawa yake ni ama kutumia biti ya mbao yenye ncha katikati, ambayo hukaa kitoneni bila shida, ama kutanguliza biti nyembamba ya milimita 3 inayofuata kitone, kisha kuipanua njia kwa ile ya milimita 9. Upande wa pili wa tendegu uwekwe kipande cha mbao taka kilichobanwa kwa nguvu, ili biti inapotokeza isirarue nyuzi za uso ambao mfumbati utauegemea.

Unyoofu

Kitovu sahihi juu ya uso hakimsaidii fundi kama drili imelala. Mwinamo wa digrii moja tu huihamisha njia kwa milimita 1.3 inapotokea upande wa pili wa tendegu la milimita 75, ilhali njia ya milimita 9 huipa bolti ya milimita 8 nafasi ya nusu milimita tu kila upande, kwa hiyo bolti itaifikia mbao ya pili mahali pasipo na tundu. Drili ya kusimama, ambayo biti yake huteremka wima juu ya meza, huondoa tatizo hili mradi meza yake imepimwa kwa skwea dhidi ya biti, na si mara moja tu katika maisha ya mashine.

Asiyekuwa na mashine hiyo anaweza kutengeneza kiongozi, yaani kipande cha mbao ngumu chenye unene wa milimita 40 au 50, kilichotobolewa wima katika karakana ya jirani mwenye drili ya kusimama, ambacho hubanwa juu ya kazi na kuielekeza biti. Mbinu nyingine, ya bei ndogo kuliko zote, ni kulaza diski ya zamani ya muziki juu ya mbao, tundu lake la katikati likizunguka alama: uso wake hung'aa kama kioo, na biti ikisimama wima huonekana kuendelea moja kwa moja na taswira yake, lakini ikilala hata kidogo, biti na taswira yake huonekana zimevunjika pale zinapokutana. Mtu atazame kutoka pande mbili zilizo mraba, kwani upande mmoja hauonyeshi mwinamo unaomwelekea yeye mwenyewe.

Tundu la mfumbati lisipimwe peke yake hata kidogo. Tendegu likishatobolewa, mfumbati huwekwa mahali pake, viungo hubanwa kwa klampu, na biti ya milimita 9 hupitishwa katika njia ya tendegu hadi iingie katika kichwa cha mfumbati, ili matundu mawili yawe na mhimili mmoja hata kama mhimili wenyewe una kasoro ndogo. Kwa kuwa biti hapo inakwenda kufuata mkondo wa nyuzi, badala ya kuzikata, itolewe nje kila baada ya sentimita mbili au tatu ili kuondoa vumbi, la sivyo vumbi hujibana mferejini na kuisukuma kando.

Pale ambapo nati nayo inapaswa kuzamishwa upande wa pili, kama katika benchi la fundi ambalo miguu yake hufungwa kwa bolti za kupita, kuna vyumba viwili vinavyotazamana, na utaratibu hubadilika kidogo. Biti ya milimita 2 au 3 hupitishwa kwanza kutoka uso hadi uso, kisha ncha ya biti pana hufuata kitobo hicho upande mmoja na halafu upande mwingine, na mwisho njia hupanuliwa. Kitobo kinachotangulia hapa hakivunji kanuni ya awali, mradi kiwe chembamba kuliko ncha ya biti pana, ili ncha iendelee kuwa na kuta za kushika.

Njia ikishatangulia

Hutokea kwamba njia imekwisha kutobolewa, aghalabu katika samani ya zamani inayokarabatiwa, na chumba kinahitajika baadaye. Kwa mwenye drili ya kusimama suluhisho ni jepesi: biti inayolingana na njia hufungwa katika taya za drili, huteremshwa ndani ya tundu mashine ikiwa imezimwa, mbao hubanwa mezani ikiwa katika hali hiyo, kisha biti hubadilishwa na kuwekwa Forstner bila mbao kusogezwa hata unywele. Forstner inafaa hapa kuliko biti nyingine yoyote, kwa kuwa ukingo wake una uwezo wa kuiongoza hata ncha isipogusa kitu, ilhali biti bapa itayumba vibaya.

Mwenye drili ya mkono azibe njia kwa mti wa mviringo, wenye gundi au bila gundi, aukate usawa na uso, achore mistari upya na kuanza kana kwamba hakuna tundu. Mbinu hii ni ya polepole lakini haimwangushi mtu. Inawezekana pia kutumia kipande cha plaiwudi cha milimita 12 au zaidi kilichotobolewa kwa biti ya chumba, kikabanwa juu ya njia na kuishika biti kwa pembeni, ingawa ugumu wake huwa ni kukiweka kipande hicho katikati hasa. Jambo hilo hufanyika vizuri kwa kisahani cha mbao kinachojaa tundu la plaiwudi, chenye tobo la milimita 9 katikati, ambacho bolti yenyewe hupitishwa ndani yake hadi njiani, plaiwudi ikabanwa, kisha kisahani na bolti vikatolewa.

Skrubu na vizibo

Katika kazi ya skrubu, chumba huwa cha milimita 10 na hufunikwa kwa kizibo, yaani kipande cha mviringo kilichokatwa kwa biti maalumu kutoka katika mbao ya aina ile ile. Biti za ngazi, ambazo hutoboa njia na chumba kwa pamoja, zinauzwa kwa ajili hiyo, na kwa skrubu nyingi zinastahili bei yake, kwa sababu vipenyo viwili vilivyo juu ya shina moja haviwezi kupishana vitovu. Sharti ni kwamba parafujo ndogo inayoshika sehemu pana ikazwe vizuri na kina kijaribiwe katika mbao taka. Kina cha chumba kisipungue milimita 6, ili kizibo kipate ukuta wa kutosha wa gundi, na nyuzi za kizibo zielekezwe sambamba na nyuzi za ubao kabla ya kukipiga randa au msasa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kusumbua kifua, na mbao hiyo wakati mwingine huwa na vijiwe vya chokaa ndani vinavyoyamaliza makali ya biti, hivyo barakoa na tupa ndogo ya kunolea viwe karibu.

Bolti ya kitanda isizibwe kwa gundi kamwe. Mninga na mbao nyingine husinyaa zinapoendelea kukauka ndani ya nyumba, bolti hulegea, na kitanda huanza kulia. Mwenye kitanda anapaswa kuweza kutoa kifuniko, kuingiza soketi na kukaza upya. Kabla ya kukabidhi kazi, fundi aingize kila bolti kwa vidole pamoja na washa yake, aishike nati bila spana yoyote, kisha ashushe soketi chumbani na kuizungusha mzunguko mzima. Tundu ambalo bolti yake imehitaji nyundo, au ambalo soketi yake imekwaruza ukuta, lizibwe kwa mti na gundi na litobolewe upya kabla ya rangi kupakwa.